MOTOKAA ZA ZAMANI: KUTAMBUA UBOVU WA USUKANI NA BREKI

Kati ya mwaka 1908 na 1927 kampuni ya Ford ya Marekani iliunda motokaa zaidi ya 15,000,000 za namna iitwayo Model T. Baadhi yake zingali zikitunzwa na kuendeshwa. Dereva aliyezoea motokaa za siku hizi hana budi kufahamu jambo moja kwanza: breki ya mguu ya Model T haishiki magurudumu. Hukaza mkanda uliomo katika gia boksi, na nguvu yake hufika kwenye magurudumu ya nyuma kwa kupitia shafti na difu. Magurudumu ya mbele hayana breki kabisa.

USUKANI. Mtu mmoja auzungushe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, na mwenziwe atazame chini. Ikiwa mkono wa chuma ulio mwisho wa nguzo ya usukani hautikisiki, gia zilizo chini ya usukani zimelika. Mkono ukisogea na magurudumu yasigeuke, viungo vya fito vimelegea. Kama hakuna kilicholegea na motokaa yayumba njiani, uchunguzwe uma wa chuma unaoshikilia ekseli ya mbele. Ukipinda, au ukilegea pale unapofungwa chini ya injini, ekseli huinama.

BREKI YA MGUU. Pedeli ikifika sakafuni, kitambaa cha mkanda kimelika. Mkanda ukazwe au kitambaa kibadilishwe. Kisha, mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa, breki ya mkono iwekwe wima, pedeli ikanyagwe, na watu wawili waisukume motokaa. Ikisogea hali pedeli ni ngumu, ubovu uko nyuma ya gia boksi. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Ndani ya difu mna washa za madini laini yaitwayo Babbitt, ambayo huvunjikavunjika kwa uzee. Zikivunjika, meno ya gia huachana na breki ya mguu hupotea ghafula, pengine katikati ya mteremko. Kwa sababu hiyo mafundi wengi huziondoa na kutia washa za shaba nyeusi.

BREKI YA MKONO. Mteremkoni hapo dereva husaliwa na breki hii tu, kwa kuwa ndiyo ishikayo magurudumu ya nyuma yenyewe. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe, ya nyuma yainuliwe kwa jeki, na breki ivutwe. Kila gurudumu lazima lishikwe barabara. Moja likizunguka, viatu vyake vya breki vimelika, au mafuta ya ekseli yamevuja na kuvilowesha.

Motokaa iliyoshindwa katika jaribio hili la mwisho isitolewe njiani, hata kama breki yake ya mguu yaonekana kuwa nzuri.