Waya ukisokotwa, mbona unapasuka kama muwa?

SWALI: Karakana yetu hutengeneza springi. Tukibana waya kwenye jiliwa na kuusokota, mmoja hukatika bapa kama uliokatwa kwa msumeno, mwingine hupasuka kwa urefu. Kipenyo ni kilekile. Tuukatae upi?

JIBU: Ukataeni uliopasuka.

Waya wa chuma chenye kaboni nyingi huvutwa kupitia matundu yanayozidi kuwa membamba, hata tabaka zake za ndani zikalala kwa urefu, mithili ya nyuzi za katani. Ukiusokota, nguvu ya kukata hufanya kazi sawasawa kwa upana na kwa urefu; upande dhaifu ndio husalimu amri kwanza. Waya mzima husokoteka mara nyingi, kisha hukatika bapa. Mbovu hufunguka mapema, na ufa huzunguka kama ngazi ya mnara. (Chaki ni habari nyingine: hiyo hukatika mshazari, kwa kuwa haivumilii kuvutwa.)

Mchawi mara nyingi ni joto la kiwandani. Waya ukivutwa kwa kasi bila kupozwa vya kutosha, kaboni hutoka kwenye tabaka ngumu na kuingia kwenye tabaka laini, ikazikaza. Kipimo cha kuvuta hakitawaonyesha hilo. Waya huo unaweza hata kuonekana imara zaidi.

Kabla ya kusokota, chora mstari wa wino ulionyooka. Mizunguko yake ikisongamana sehemu moja, msokoto haukuenea sawa. Pimeni vipande vya urefu wa mara 100 ya kipenyo, na vaeni miwani: waya ukikatika huruka.