Bustani ya Jeevanjee

Ukimtajia mwanafunzi neno bustani, mara moja atafikiri matuta ya mchicha na ndoo ya kumwagilia maji, maana ndiyo bustani aijuayo shuleni. Leo nataka kuwaeleza habari za bustani ya namna nyingine, isiyotoa mchicha wala nyanya, na kwa sababu hiyo wako watu waliopata kuiona kuwa ni ardhi iliyolala bure. Ni Bustani ya Jeevanjee, katikati ya mji wa Nairobi. Niliitembelea siku mbili mfululizo, daftari mkononi.

Mimi ni mzaliwa wa Pundanhar, wilaya ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, upande wa mto Ruvuma. Kwetu hakuna bustani ya mji, kwa kuwa hakuna mji. Wazee wakitaka kuzungumza hukaa kivulini chini ya mwembe, wala hakuna aulizaye mwembe ule ni wa nani. Lakini Nairobi kila hatua ya ardhi ina bei. Basi nilitaka kujua kivuli cha watu wote kilipatikanaje mahali kama pale, na ni nani aliyekilinda kisiuzwe.

Nairobi ulianza kuwa mji reli ya kutoka Mombasa ilipofika pale mwaka 1899. Miongoni mwa watu waliotajirika kwa kazi ya reli alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyezaliwa Karachi mwaka 1856. Aliwaleta vibarua na mafundi kutoka Bara Hindi, akawauzia chakula, kisha akawa mjenzi mkubwa wa majumba. Mwaka 1902 alianzisha gazeti huko Mombasa, African Standard, ambalo ndilo asili ya gazeti la The Standard la Kenya. Mwaka 1906 akatoa kiwanja cha ekari 5 hivi kiwe bustani ya wakazi wa mji, na ndani yake akasimamisha sanamu ndogo ya Malkia Victoria. Aliyeifunua ni Duke wa Connaught, mwana wa malkia mwenyewe.

Hapa msomaji mwangalifu atashangaa. Jeevanjee huyo huyo aligombana sana na serikali ya wakoloni, kwa sababu ardhi nzuri ya milimani waliwekewa Wazungu peke yao. Mbona basi amtukuze malkia wao? Mimi nafikiri hakuona kinyume chochote. Alikuwa kama anamwambia mkoloni: ikiwa sisi sote ni raia wa malkia mmoja, basi tutendewe sawa. Jibu alilopewa halikuwa zuri. Jeevanjee alifariki mwaka 1936. Sanamu nayo, mwaka 2015 watu waliivunja, ikabaki bila kichwa.

Bustani yenyewe ilikuwa karibu kupotea zamani kabla ya sanamu. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga juu yake jengo la ghorofa la kuwekea motokaa, pamoja na maduka. Aliyesimama kuupinga ni mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, mchoraji na mwandishi. Hakudai kwamba kiwanja ni mali ya ukoo wake. Hoja yake ilikuwa kinyume cha hiyo, tena ndiyo iliyokuwa na nguvu: babu alikwisha kukitoa, kwa hiyo wenyewe ni watu wa Nairobi, na hakuna mwingine awezaye kukigawa. Watu wa mji wakamuunga mkono, na jengo halikujengwa. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1989, Wangari Maathai alikuwa amepinga jumba la ghorofa 60 lililotaka kusimamishwa katika Uhuru Park, akadhihakiwa hata Bungeni. Jumba hilo nalo halikusimama. Siku zile kubishana na wakubwa namna hiyo hakukuwa mchezo.

Sasa niwaeleze niliyoyaona, ili kila mtu apime mwenyewe kama ardhi ile imelala. Asubuhi hupita watu wa haraka, wakikata njia kutoka Moi Avenue kwenda Muindi Mbingu Street. Saa nne wapiga picha na wang'arisha viatu wamekwisha kushika mahali pao. Saa saba, wafanyakazi wa maofisi wapumzikapo, majani hujaa watu: huyu anakula mkate, yule amejifunika gazeti usoni amelala fofofo, na wahubiri wawili wanashindana kwa sauti, kila mmoja na kundi lake. Nilimwona kijana aliyevaa suti, bahasha ya vyeti kifuani, akisoma barua yake ya kuombea kazi kwa sauti ndogo kama aghani shairi. Mjini ukitaka kukaa kitako lazima ununue walau chai. Yeye alikaa pale saa nzima bila kuulizwa senti.

Kisha kuna baraza liitwalo Bunge la Mwananchi, ambalo limekutana katika bustani hii tangu miaka ya 1990. Halina spika mwenye joho. Watu huketi kwenye mabenchi, wengine husimama nyuma, na mwenye neno hulisema. Siku niliyofika walikuwa katika bei ya unga. Mzee mmoja aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Pundanhar. Hakupajua, nikamweleza kwamba mwezi Machi 2021 vita vilipoingia Palma, watu wengi wa wilaya yetu walikimbia, na barazani pakabaki vivuli vitupu. Alinitazama kidogo, akasogea, nikapata nafasi ya kukaa.

"Haya, mgeni naye aulizwe," akasema kwa sauti kuu. "Huko kwenu kilo ya unga ni shilingi ngapi?"

Nikawaambia kwetu twahesabu kwa metikali, na ubishi ukaanza upya.