Nasa Pakiti Pande Zote Mbili za Daraja

Kliniki moja hapa Hurlingham, Nairobi, kando ya Argwings Kodhek, ilikuwa imeteseka vya kutosha. Tovuti zinafunguka, barua pepe zinaingia, lakini wakituma picha ya eksirei kwa kampuni ya bima, inaganda. Mtoa huduma wa intaneti alisema laini iko sawa. Muuzaji wa ruta, kule Luthuli Avenue, akasema wanunue kompyuta mpya. Wa kufokewa na wagonjwa alikuwa dada wa mapokezi.

Nilichomeka kompyuta yangu ndogo ya Linux kati ya swichi na ruta, matundu yake mawili ya kebo, eth0 upande wa swichi na eth1 upande wa ruta, nikayaunganisha kuwa daraja, br0. Jinsi ya kuunda daraja sielezi, maelezo yamejaa.

Kinachonikera ni mafundi wanaonasa kwenye br0 peke yake. Hapo pakiti unaiona mara moja tu; hujui imeingilia tundu gani, wala kama imetokea upande wa pili. Fungua madirisha mawili, unase kote kwa pamoja:

tcpdump -ni eth0 -s 96 -w ndani.pcap
tcpdump -ni eth1 -s 96 -w nje.pcap

Hiyo 96 usiiache. Inachukua vichwa vya pakiti na kipande kidogo tu cha mzigo, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Halafu kabla ya kunasa, zima GRO kwenye matundu yote mawili: ethtool -K eth0 gro off, na eth1 vivyo hivyo. Usipoizima, Linux inaunga pakiti kadhaa kuwa moja, unaonyeshwa baiti 2,900 wakati kebo ilibeba 1,500, na ugonjwa wa kliniki hii ulikuwa papo hapo, kwenye ukubwa.

Kwenye Wireshark, SYN ilikwenda na jibu likarudi. Kisha pakiti ya baiti 1,500 ikaingia eth0, ikatoka eth1 kuelekea ruta, kimya. Ikatumwa tena, kimya. Laini yao ni ya PPPoE, inayokula baiti 8 na kubakiza 1,492. Ruta ilipaswa kurudisha ujumbe wa ICMP kwamba pakiti ni kubwa mno. Haikurudisha hata mmoja; ilizitupa tu. Meneja alipoona hayo kwenye skrini alimpigia muuzaji simu. "Bosi, hiyo ruta ni orijino," akajibiwa.

Nilichimba menyu za ruta hiyo hadi nikapata MSS, yaani kikomo cha mzigo wa pakiti moja ya TCP bila vichwa vyake, nikaishusha kuwa 1,452. Wakatuma picha, ikafika.

Ukiwa na laini ya PPPoE, mwambie muuzaji akuonyeshe mahali pa kubadilisha MSS kabla hujalipa. Akishindwa, nenda duka lingine.