Paka Abaki, Mchanga Azoe Mwingine

SWALI: Daktari, nina mimba ya kwanza, ya miezi minne. Nyumbani tuna paka jike tuliyemlea tangu mdogo. Analala ndani na anajisaidia kwenye beseni la mchanga uani. Mama mkwe anataka tumtie kwenye kiroba tukamwache sokoni, kwani manyoya yake yataharibu mimba, na mtoto akizaliwa paka atamvuta pumzi. Mume wangu hataki hata kusikia habari za kumtupa. Nifanyeje?
Mama Kijacho, Tanga

JIBU: Hongera mwanangu. Mama mkwe wako hakukurupuka, maana upo kweli ugonjwa unaohusisha paka na mimba. Alipokosea ni kwenye manyoya. Hatari imo katika kinyesi, na nyingine kubwa zaidi imo jikoni kwako.

Ugonjwa wenyewe unaitwa toksoplasmosisi, na huletwa na kimelea kisichoonekana kwa macho. Paka hukipata akila panya, ndege au nyama mbichi, kisha hutoa mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi kwa wiki 1 hadi 3. Kwa paka wengi hilo hutokea mara moja tu maishani, aghalabu wakiwa wadogo. Tena mayai hayo hayaambukizi yakiwa mabichi. Yanahitaji siku 1 hadi 5 nje ili yakomae. Ndiyo maana kumpakata paka wako si hatari, alimradi unanawa mikono kabla ya kula.

Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, huenda asihisi chochote, au apate homa nyepesi na matezi ya shingoni. Kimelea kikivuka kondo la nyuma ndipo balaa linapoanza: mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na athari za macho na ubongo. Aliyewahi kuambukizwa zamani kwa kawaida huwa na kinga inayomlinda mtoto.

Sasa twende jikoni. Utafiti uliofanywa katika miji sita ya Ulaya na kuchapishwa mwaka 2000 uliwachunguza wajawazito waliopata ugonjwa huu. Nyama isiyoiva, au iliyotiwa chumvi na kukaushwa bila kupikwa, ilihusishwa na asilimia 30 hadi 63 ya maambukizi, na udongo asilimia 6 hadi 17. Kuishi na paka hakukuonekana kuongeza hatari. Kwa hiyo mshikaki wa barabarani ukiukata ukaona wekundu katikati, urudishe motoni. Usionje nyama ikiwa mbichi kupima chumvi. Ubao na kisu cha nyama vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukatia kachumbari. Mchicha na matembele yaoshwe kwa maji mengi hata kama ni ya bustani yako, na ukipalilia vaa glavu, kwa sababu paka wa mtaa mzima wanachimba humo humo. Hata ukimtupa wako, wa jirani hawatapiga hodi.

Kuhusu beseni, kazi hiyo mkabidhi mume wako, maana yeye ndiye mtetezi wa paka. Azoe kila siku bila kuruka, mayai yasipate muda wa kukomaa. Kinyesi akifunge na kukitupa mbali na bustani. Akimwaga mchanga wa zamani, ajaze beseni maji yaliyotoka kuchemka, ayaache dakika 10. Asitegemee dawa ya klorini ya kufulia, kwani haiyaui mayai haya. Siku ambayo hayupo na hakuna mwingine, vaa glavu, kisha nawa vizuri kwa sabuni.

Paka naye apewe chakula kilichopikwa, si utumbo mbichi wa buchani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apate dawa ya minyoo na viroboto, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Na usilete paka mdogo mpya kipindi hiki.

Kipimo cha ugonjwa huu kwa kawaida hakimo katika vile vya kila mjamzito kliniki. Ukipata homa au matezi, mwambie mhudumu kwamba unafuga paka. Zipo dawa zinazotumika katika ujauzito. Msomaji mwingine anayeishi na VVU aseme hivyo hivyo katika kliniki yake ya VVU (CTC), na kama ameandikiwa dawa ya septrini asiiache.

Mtoto akizaliwa, paka hamvuti pumzi. Anachofuata ni joto. Lakini akijilaza karibu na uso wa kichanga asiyeweza kugeuza kichwa, anaweza kumziba pua, kwa hiyo mama mkwe ana haki ya kuogopa. Mlango wa chumba anacholala mtoto ufungwe, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Anza kumzoeza paka kulala kwingine tangu sasa, wala usiwaache wawili hao peke yao hata unapokwenda kuoga.

Paka akimng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni salama kwa mjamzito na kwa mtoto mchanga. Kinachoua ni kusubiri dalili.

Mama mkwe usishindane naye. Msomee majibu haya, kisha mwombe katika arobaini yako awe mlinzi wa mlango wa chumba cha mtoto. Paka hatapata upenyo, na wewe utapata usingizi.