Kauli ya Kutendua katika Kazi ya Kupangua Injini

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi kauli ya kutendua inavyobeba maarifa ya kazi wakati wa kuondoa pistoni na konrodi, yaani fito zinazounganisha pistoni na krankshafti. Majina ya vifaa hivi ni ya mkopo, ilhali vitenzi vinavyoongoza mkono wa fundi ni vya Kibantu.

Mfuatano wa kazi

Tuchukue injini ya silinda 4 zilizopangwa kwa mstari mmoja. Baada ya kumwaga oili, fundi hufungua silinda hedi kwa juu na sampu kwa chini. Aidha, hukwangua ukingo uliojitokeza juu ya silinda kutokana na kulika kwake, kwani ringi zikiugonga zinaweza kuvunjika. Kisha huipa kila konrodi na kifuniko chake nambari, kuanzia 1 hadi 4.

Fundi huzungusha krankshafti hadi pistoni ishuke chini kabisa. Kwa kawaida ya 1 na ya 4 hushuka pamoja, vivyo hivyo ya 2 na ya 3. Hufungua nati, hubandua kifuniko, na kuzivisha boliti vipande vya mpira zisije zikakwaruza krankshafti. Hatimaye huisukuma konrodi kwa mpini wa mbao wa nyundo, pistoni ikachomoka kwa juu na kudakwa kwa mkono.

Uchanganuzi

Fungua ni kinyume cha funga, bandua cha bandika, chomoa cha chomeka, na pangua cha panga. Kila kitenzi hapa kinamkumbusha fundi kazi inayomngoja: kilichobanduliwa kitabandikwa. Kitenzi ng'oa kina umbo la kutendua lakini hakina mwenzake. Mwanagenzi akiambiwa "ng'oa pistoni" atatumia nguvu. Akiambiwa "chomoa" atatafuta njia iliyopitia ilipochomekwa.

Hata hivyo, sarufi ina mipaka yake. Pangua haielezi kifuniko kipi kilitoka kwenye konrodi ipi. Kwa kawaida tundu la konrodi huchongwa kifuniko kikiwa kimefungwa mahali pake. Vifuniko vikibadilishana, tundu hupoteza uduara wake, beringi huharibika, na gharama yote ya matengenezo hupotea. Ndiyo maana fundi hukirudisha kila kifuniko kwenye konrodi yake mara tu baada ya kuichomoa.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini wapo wanaodai kuwa hakitoshelezi mafunzo ya ufundi. Dai hilo hutazama majina tu. Pistoni itaendelea kuitwa pistoni bila madhara yoyote. Kitenzi kisichofaa ndicho kinachoweza kuvunja ringi. Waandishi wa vitabu vya ufundi waanze, basi, kwa kuchagua vitenzi, na nambari za fundi zikamilishe pale ambapo kitenzi kinakoma.