Meli za Abiria katika Ziwa Nyasa

Sisi watu wa Likombe tumekua na bahari mbele yetu. Meli ikiingia bandarini Mtwara, hatuulizi imepita wapi. Imepita baharini. Huenda imetoka Dar es Salaam, huenda imetoka Ulaya. Maji ni yaleyale, yameungana.

Sasa fikiri juu ya ziwa. Panda basi hapa Mtwara, pita Masasi, Tunduru, Songea na Mbinga. Mwisho wa barabara utafika Mbamba Bay, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Utaona maji mengi yenye mawimbi, hata udhani umerudi nyumbani. Ukiyaonja hayana chumvi. Nako pia kuna meli za chuma zinazobeba watu na mizigo. Je, meli ya chuma ilifikaje huko, mamia ya kilomita kutoka baharini?

Daktari Livingstone, yule Mskoti msafiri, alidhani njia ni mto wetu wa Ruvuma. Mwaka 1861 aliingia Ruvuma kwa meli ya moshi, lakini maji yalikuwa yanapungua, akarudi. Mwaka 1862 alijaribu tena kwa mashua. Alikwenda mbali zaidi, akakuta miamba, akarudi tena. Wavuvi wa mdomo wa Ruvuma wangeweza kumwambia habari za mafungu ya mchanga kabla hajaondoka. Tena Ruvuma hautoki katika Ziwa Nyasa. Unaanzia milimani karibu na Songea. Mwaka 1866 Livingstone alishuka Mikindani, na safari hii alikwenda kwa miguu mpaka ziwani.

Mto unaotoka Ziwa Nyasa unaitwa Shire. Unatoka kusini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Malawi, unaingia mto Zambezi, na Zambezi unaingia baharini Msumbiji. Lakini katikati ya Shire kuna maporomoko ya maji. Meli haiwezi kuyapanda. Kwa hiyo njia ilibaki moja: kuifungua meli vipande vipande, kuibeba nchi kavu, na kuiunga tena upande wa pili.

Ya kwanza kupita hivyo iliitwa Ilala. Ililetwa na wamisionari wa Uskoti mwaka 1875, nayo ilikuwa meli ndogo. Mamia ya wapagazi walibeba vipande vyake vya chuma kupita maporomoko. (Ilala hii si ile ya Dar es Salaam. Ni jina la mahali alipofariki Livingstone, katika nchi ya Zambia ya leo.)

Meli ambayo habari zake zinatuhusu zaidi sisi wa Mtwara ni Chauncy Maples. Hilo ni jina la mtu. Alikuwa mmisionari wa UMCA, chama kilichofungua misheni ya Masasi mwaka 1876. Maples alifanya kazi Masasi, kisha Newala, halafu akahamia kisiwa cha Likoma katika Ziwa Nyasa. Mwaka 1895 alifanywa askofu. Mwaka huohuo, usiku, mashua yake ilipigwa na dhoruba ziwani, akafa maji. Wenzake wakachanga fedha ili ipatikane meli kubwa ya kuaminika, nayo wakaipa jina lake.

Meli hiyo ilijengwa Glasgow mwaka 1899. Ilipokwisha kujengwa ilifunguliwa ikawa mafurushi 3,481. Mafurushi yalikuja kwa bahari, yakapanda Zambezi na Shire, yakashushwa chini ya maporomoko, yakachukuliwa vichwani na mabegani. Lakini furushi moja halikuweza kuchukuliwa na kichwa cha mtu. Hilo lilikuwa boila, yaani tangi la chuma la kuchemshia maji ili upatikane mvuke wa kuendesha mitambo. Uzito wake ulikuwa tani 11. Lilifungwa juu ya magurudumu, na Wangoni wapatao 450 wakalivuta kwa kamba katika njia ya vilima, kilomita 100 hivi. Kwa siku walikwenda kama kilomita 5 tu.

Wewe uliyewahi kuvuta jahazi kulipandisha pwani unajua kamba inavyokata viganja. Zidisha kazi hiyo kwa majuma kadhaa. Jina la kiwanda cha Glasgow limeandikwa vitabuni. Majina ya wale 450 sijayaona popote.

Meli iliingia majini mwaka 1901. Ilikuwa na urefu wa mita 38 hivi. Ilibeba wamisionari, wanafunzi, wagonjwa na dawa, ikizunguka vijiji vya pwani zote mbili za ziwa. Baadaye iliuzwa, na mwaka 1967 serikali ya Malawi iliinunua. Boila ikatolewa, ikatiwa injini ya dizeli, ikaendelea kubeba abiria kwa miaka mingi.

Wajerumani nao walileta meli yao ziwani kwa vipande, Hermann von Wissmann. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, meli ya Waingereza iliishambulia ikiwa imepandishwa nchi kavu Liuli, kusini ya Manda. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Watu wengi hupenda sana hadithi hiyo. Mimi naona abiria wa Liuli hawakupata faida yoyote.

Tuje kwenye jambo zito. Sisi tunajua kusi inavyovuma kati ya Mei na Agosti. Ziwa Nyasa lina ndugu yake. Upepo wa kusini-mashariki wa ziwa huitwa mwera, nao huvuma sana katika miezi hiyohiyo. Tarehe 30 Julai 1946 meli ya abiria Vipya ilikutana na dhoruba upande wa Malawi, ikazama. Watu 145 walikufa. Ilikuwa meli mpya, ndiyo kwanza imeanza safari mwaka huo.

Baada ya msiba huo ililetwa Ilala nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza. Nayo ilikuja kwa vipande kutoka Uskoti, lakini safari hii ilipanda gari moshi kutoka bandari ya Beira. Ilianza kazi mwaka 1951.

Upande wa Tanzania, meli za Songea na Iringa zilisafiri miaka mingi kutoka bandari ya Itungi, wilaya ya Kyela, zikapita Matema, Lupingu, Manda na Liuli hadi Mbamba Bay. Vijiji vingi vya njia hiyo vimebanwa kati ya ziwa na milima ya Livingstone, na barabara zilikuwa shida. Mama aliyetaka kufika hospitali, mkulima mwenye magunia ya mihogo, mwalimu aliyehamishwa, wote walingoja meli. Meli ikiharibika, walipanda mtumbwi. Mwaka 2021 ilianza kazi meli ya Mbeya II, yenye ruhusa ya abiria 200 na mizigo tani 200. Hii haikuvutwa na Wangoni. Ilijengwa hukohuko Kyela, pembeni mwa ziwa.

Umeona sasa kwa nini meli za maziwa huwa chache: ni kazi kuzifikisha. Zikiwa chache, watu hujazana. Na kujazana ndiko kunakoua.

Chukua mfano wa ngalawa. Haipinduki upesi kwa sababu ina mbao mbili za pembeni zinazoishikilia. Meli haina mbao hizo. Inasimama wima kwa sababu uzito mkubwa uko chini. Watu wakijaa juu, uzito unapanda. Wakikimbilia upande mmoja, labda ili wawahi kushuka, meli inalala upande huo na huenda isiinuke tena.

Ndivyo ilivyokuwa katika Ziwa Viktoria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara. Ruhusa yake ilikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Soma tena tarakimu hizo mbili taratibu.

Kila chombo cha abiria kina hesabu ya watu wanaoruhusiwa, na hesabu hiyo huandikwa. Wewe sasa unajua kusoma. Ukivuka kwenda Msangamkuu, au ukisafiri mbali, itafute na uisome kabla hujapanda. Uliza pia maboya ya kujiokolea yako wapi. Nahodha mzuri hakasiriki akiulizwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini meli ya Chauncy Maples haikuweza kufika ziwani kwa mto tu?

2. Hapa kwetu, ni miezi gani mashua hukaa bila kusafiri? Kwa nini?

3. Meli ina ruhusa ya abiria 200. Kituo cha kwanza wamepanda 85. Kituo cha pili wamepanda 60 na kushuka 20. Kituo cha tatu wanangoja watu 90. Ni wangapi wanaweza kupanda, na wangapi watabaki?

4. Mmoja wa watakaobaki amembeba mtoto mgonjwa, na meli nyingine itakuja baada ya juma moja. Mtafanyaje?