Kishikwambi Kianze Mikononi mwa Nani? Maswali na Majibu kuhusu Teknolojia Darasani

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilipokwisha, Serikali iliamua vishikwambi vya makarani vipelekwe shuleni. Vikaongezwa vingine, na walimu wa shule za umma nchini wakakabidhiwa. Kwa Kigoma na Ujiji, na kwa kata kama Bangwe, swali limehama. Zamani watu waliuliza vifaa vitafika lini. Sasa inafaa kuuliza vinafanya kazi gani vikishafika. Watafiti wa vyuo vikuu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na matokeo yao yanastahili kusomwa na mzazi na mwalimu, si na wataalamu peke yao.

Je, imethibitika kwamba kompyuta humsaidia mtoto kujifunza?

Imethibitika kwa masharti. Nchini Peru watoto wa vijijini waligawiwa kompyuta mpakato kupitia mpango wa One Laptop per Child, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ukalinganisha shule zaidi ya 300. Alama za hisabati na lugha hazikupanda. Jijini Delhi mambo yalikuwa tofauti. Karthik Muralidharan wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na wenzake waliwafuatilia wanafunzi waliokuwa wakienda baada ya masomo kwenye vituo vyenye programu ya Mindspark, na kwa miezi minne na nusu tu wanafunzi hao walipiga hatua kubwa katika hisabati na Kihindi. Kompyuta za Peru hazikuwa mbovu. Tofauti ni kwamba Mindspark ilimpima kwanza kila mwanafunzi, ikamkuta nyuma ya darasa lake kwa miaka kadhaa, kisha ikaanzia pale alipo. Mwalimu mwenye darasa la watoto themanini analijua hilo vizuri kuliko mtafiti yeyote: mtaala unasonga mbele, na aliyeachwa darasa la pili anazidi kuachwa kila mwaka. Kifaa kinachoweza kumrudisha mtoto huyo alipokwama bila kumwaibisha mbele ya wenzake kina thamani ya kweli. Kisichoweza ni mzigo wa kuchaji na kufungia kabatini.

Kwa nini jaribio la Tanga hutajwa sana?

Kwa sababu lilifanyika kwa Kiswahili, na kwa watoto ambao wengi wao shule ilikuwa haijawafikia. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 2,700 katika vijiji zaidi ya 140 vya Mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 tuzo ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya onebillion ya Uingereza na Kitkit School. Miongoni mwa timu tano za fainali ilikuwamo RoboTutor, iliyotoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na programu za timu zote tano ziliachwa wazi ili yeyote azichukue na kuziendeleza bure.

Wapo wanaosoma matokeo hayo na kuhitimisha kwamba mwalimu si lazima tena. Hitimisho hilo halishikiki. Kupungua kwa nusu maana yake nusu nyingine, hata baada ya miezi yote hiyo, bado hawakuweza kusoma neno. Tena vifaa havikuachwa porini: kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua na mtu wa kukiangalia. Fundisho ninalolichukua Tanga ni la lugha. Mtoto aliyefundishwa kwa lugha anayoielewa alijifunza hata pale alipokosa darasa. Hilo lina uzito mkubwa Kigoma, ambako mtoto wa Ujiji hukua na Kiswahili, ilhali wa vijiji vingi vya mkoa huanza na Kiha nyumbani.

Basi kwa nini tusimpe kila mwanafunzi kifaa chake?

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, nami naitegemeza kwenye utafiti wa Kisumu, Kenya, ulioongozwa na Benjamin Piper na kuchapishwa mwaka 2016. Shule zote zilizohusika zilipata mpango mmoja wa kufundisha kusoma. Kundi la kwanza, vishikwambi walipewa waratibu wanaotembelea walimu. La pili, walipewa walimu. La tatu, wanafunzi walipewa visomeo vya kielektroniki. Makundi yote matatu yalipata maendeleo kuliko shule zilizobaki nje ya mpango, ila hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Lakini gharama zilitofautiana sana, na kundi la waratibu ndilo lililotumia fedha kidogo. Kenya ilipoanzisha mpango wa Tusome nchi nzima mwaka 2015, kishikwambi kilipelekwa kwa mratibu, ambaye aliingia darasani, akasikiliza watoto wachache wakisoma, akarekodi, kisha akakaa na mwalimu kuzungumzia somo.

Kigoma ina mwenzake wa mratibu huyo: Afisa Elimu Kata. Kati ya mwaka 2014 na 2020 mkoa huu ulikuwa ndani ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliowapa maafisa hao pikipiki na kuwapa walimu wakuu vishikwambi vya kutunzia taarifa za shule. Mizizi basi ipo. Kilichobaki ni kukihamisha kifaa kutoka kwenye kuhesabu mahudhurio kwenda kwenye kusikiliza mtoto anasoma nini. Kwenye uvuvi wa dagaa, karabai huwakusanya samaki, lakini ni wavu unaowatoa majini; kishikwambi nacho kinahitaji mtu wa kuvuta.

Si afadhali fedha hizo ziende kwenye vitabu na madawati?

Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake limepatikana hapa hapa nchini. Isaac Mbiti, Muralidharan na wenzao walichunguza shule za msingi 350 za Tanzania bara, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha mabadiliko ya alama. Pale ruzuku ilipoambatana na malipo kwa walimu kulingana na kujifunza kwa watoto, alama zilipanda. Anayeona kishikwambi ni anasa na kitabu ni dawa aukumbuke utafiti huu. Vitabu navyo hulala kabatini. Dawati ni haki ya mtoto, lisingoje utafiti wowote. Ila tusilitarajie lifundishe.

Na umeme, na intaneti?

Mkoa wa Kigoma ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Bangwe iko mjini, hali yake si sawa na ya kijiji cha Mwamgongo, kunakofikiwa zaidi kwa boti kutoka Kibirizi. Kwa vijiji vya namna hiyo programu ifanye kazi bila mtandao, na ipokee mapya pale tu kifaa kinapofika mjini.

Akili mnemba haitabadilisha haya yote?

Huenda itaongeza kasi. Jaribio la akili mnemba la mwaka 2024 katika Jimbo la Edo, Nigeria, lilileta matokeo mazuri kwa wanafunzi wa sekondari, lakini vipindi vilikuwa na walimu wakiongoza. Kwa Kiswahili, na zaidi kwa Kiha, mashine hizi bado hukosea. Kumwachia nazo mtoto wa darasa la tatu peke yake ni kosa.

Vyuo vyetu vifanye utafiti gani?

Tafiti nyingi za vyuo vyetu zimejikita kwenye mifumo ya kujifunzia mtandaoni ya vyuo vyenyewe: nani anaitumia, nani anaikwepa, kwa nini. Ni kazi njema, lakini mtoto wa shule ya msingi hayumo. Mfano wa kufuata upo Lindi, ambako Taasisi ya Ukuzaji Elimu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilichunguza namna teknolojia inavyoweza kusaidia mafunzo ya walimu wakiwa shuleni kwao, sambamba na mpango wa kitaifa wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma, na wanafunzi wake wengi ni walimu walio kazini. Wanafunzi hao wanaweza kuchagua kata chache, Bangwe ikiwamo, katika nusu yake Afisa Elimu Kata atembelee madarasa akiwa na kishikwambi chenye mtihani mfupi wa kusoma kwa Kiswahili, katika nusu nyingine aendelee kama kawaida. Baada ya mwaka watoto wote wapimwe, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule, wazazi wayasome.